Kubingirika Juu ya Magunia ya Pumba

Shuleni kwetu, upande wa Nkololo, waliochaguliwa kwenye kikundi cha sarakasi walisamehewa kuchota maji ya nyumba za walimu. Hiyo ndiyo sababu pekee iliyonipeleka kule. Samasoti zenyewe sikuwa na haja nazo, nilikuwa nimechoka.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja na malori yao, na dizeli ya pampu ya kijiji tukaambiwa tujichangie wenyewe. Pampu ikanyamaza. Asubuhi nilibeba ndoo ya nyumbani kutoka lamboni, mchana ya walimu, na jioni mimi na mdogo wangu wa kike tulikwenda lamboni kwa zamu, yeye mara moja, mimi mara moja.

Mwalimu wa michezo, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, alijaza pumba za mpunga kwenye magunia, akayashona midomo na kuyatandika nyuma ya darasa. Kubingirika kwenye udongo mkavu alitukataza kabisa. Chuchumaa, viganja chini, kidevu kifuani, inua kiuno, utue kwa mabega. Kichwa kisibebe uzito.

Sisi wasichana karibu wote tulikosea palepale: tulisimika utosi kwenye gunia na kusukuma. Utosi ndio tuliouamini. Kama ulibeba ndoo iliyojaa bila kumwaga, ungeshindwaje kunibeba mimi?

"Unataka kuvunja shingo?" mwalimu alifoka, akinivuta nyuma. "Nakupa mpaka Ijumaa. Ukishindwa, rudi kwa wenzako wa ndoo."

Shingo ilikataa kuinama. Ilishazoea kukaa wima. Mwalimu akakunja kitambaa chake cha jasho, akakiweka chini ya kidevu changu. "Kibane. Kikianguka kabla hujaenda, usiende." Kilianguka, kikaanguka tena. Wavulana walicheka, wapuuzi wale, ambao hawakuwahi kutwishwa hata kidumu. Niliwachukia kwa moyo wote.

Ijumaa nilikibana mpaka meno yakauma. Viganja vikabeba, mabega yakagusa gunia, kisha mgongo, kisha nyayo. Kichwa hakikugusa gunia. Nilisimama nikiyumba, na mwalimu akasema, "Hiyo ndiyo. Jumatatu usishike ndoo."

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa ndio kwanza anarudi kutoka shamba la pamba, jembe bado begani.

"Mayu, kuanzia Jumatatu sibebi tena maji ya walimu!"

Alifurahi kweli, akapiga hata kigelegele kifupi. Kisha akaketi chini, akanyoosha miguu.

"Afadhali, mwanangu. Basi jioni utakwenda wewe mara zote mbili. Mdogo wako naye apumzike."

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Niligeuka nibishe, nikamwona mdogo wangu amelala mkekani na sare ya shule, kata ya kutwikia ndoo ingali mkononi mwake. Niliichomoa taratibu asiamke, nikaenda.