Mvuke wa Bibi na Dari la Baba

Jipsamu iliyolowa ina harufu yake, kama chaki iliyotafunwa halafu ikasahauliwa kwenye mfuko wa sare. Kila ninapoinusa ninarudi kwenye bafu letu la Buhongwa, mwaka niliokuwa darasa la tano na mama amejifungua mdogo wangu Deo. Baba alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kujenga, na mtaani kwetu hakukuwa na nyumba nyingine yenye bafu la ndani, sembuse bafu lenye dari jeupe la jipsamu lililonakshiwa maua pembeni. Wageni walipelekwa kuliona kabla hawajapewa viti. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Baba aliafiki, kwa sababu kwake nyumba njema ilikuwa bafu.

Kisha akaja bibi, mama yake mama, kutoka Bukoba, na mkungu wa ndizi na kazi moja: kumkanda mzazi kwa maji ya moto, asubuhi na jioni, siku arobaini. Sufuria kubwa ilichemshwa kwa mkaa hadi mwarobaini uliokuwamo ubadilike rangi. Bibi alifunga mlango, akafunga dirisha, akaziba na mianya kwa kanga, maana upepo ukimwingia mzazi, alisema, hautoki. Niliuliza unaingilia wapi. Niliuliza pia kwa nini usitokee hapo hapo ulipoingilia. Nikatumwa mkaa. Siku ya tano kuta zilikuwa zinatoka jasho, na siku ya nane dari lilikuwa limeshusha tumbo kubwa kuliko mama alivyowahi kuwa nalo.

Tatizo ni kwamba baba ni Msukuma aliyelelewa kwa adabu, na mkwe hazungumzi na mama mkwe mambo ya bafuni. Wakikutana kwenye korido mmoja alirudi nyuma. Kwa hiyo mazungumzo yalipitia kwangu, hata wote wawili wakiwa sebuleni, baba akijifanya anasikiliza redio na bibi akichambua maharage.

"Kabula, mwambie bibi yako dirisha nalo ni sehemu ya nyumba."

"Kabula, mwambie baba yako dari halikuzaa."

Baba akaleta feni ya kunyonya hewa. Fundi, kwa uvivu au kwa ubunifu, akaiunganisha na swichi ya taa: ukiwasha taa, feni nayo inaanza kunguruma kama mashine ya kusaga. Umeme tulionunua wa wiki nzima ukaanza kuisha katikati ya wiki. Bibi aliitazama mara moja tu, akasema kidude hicho kinamnyonya mwanawe joto. Kuanzia siku hiyo akamkanda mama bila kuwasha taa, kwa mshumaa, dirisha likiwa limezibwa, na masizi yakaungana na unyevu.

Siku ya kumi na mbili asubuhi tulisikia kishindo. Kipande cha dari, kikubwa kama sinia la pilau, kilikuwa kimetua ndani ya beseni. Mama hakuguswa. Bibi alitoka kilemba kikiwa cheupe kwa unga wa jipsamu, akaenda moja kwa moja chumbani kukunja kanga zake. "Mwenda kwao si mtumwa," alisema. "Kesho navuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga, nitapata basi huko ng'ambo." Mama alikaa kitandani akilia bila sauti, Deo akinyonya. Mama mwenyewe alikuwa bado anatembea kwa kushika ukuta na hakuwa na mtu mwingine wa kumhudumia. Baba alisimama uani akikagua tangi la maji ambalo halikuwa na kasoro.

Mimi nilikata ukanda wa mfuko wa plastiki wa rambo nikaufunga kwenye nondo za dirisha la bafu. Nilifungua dirisha. Ukanda ukaning'inia kama umekufa. Nikafungua mlango wa bafu, kisha dirisha la stoo lililo upande wa pili wa korido, na ukanda ukaruka kuelekea ndani, ukabaki umenyooka. Upepo wa ziwani ulikuwa umefika siku zote, ila kama mgeni yeyote mwenye akili, haukutaka kuingia mahali pasipo na pa kutokea. Kioo cha bafuni kilichokuwa na ukungu tangu asubuhi kikaanza kunionyesha uso wangu kabla wali wa mchana haujaiva.

Jibu lilikuwa rahisi mno hata likatia aibu: ziba kila kitu wakati wa kumkanda, kisha mama akishalala na chumba chake kimefungwa, fungua pande zote mbili, futa kuta kwa tambara kavu. Lakini nani angekubali jibu la mwenzake? Nilimwendea baba tangini nikamwambia bibi anaomba ruhusa ya kufungua madirisha kila baada ya kukanda, kwa kuwa anaionea huruma nyumba yake nzuri, mradi feni itolewe. Nikamwendea bibi nikamwambia baba anaomba radhi, na feni anaitoa. Baba alikohoa, akachukua bisibisi, akapanda juu ya stuli mwenyewe. Bibi alisikiliza skrubu moja baada ya nyingine zikidondoka sakafuni, kisha akaanza kukunjua kanga.

Alikaa zote arobaini. Siku ya kuondoka, stendi, alinivuta sikio taratibu. "Baba yako hajui kuomba radhi, na mimi sijui kuomba ruhusa. Wewe soma tu."

Nimesoma. Siku hizi wauguzi wanaonya kuhusu maji ya moto namna ile, na sina hakika hata leo yalimfanyia mama nini ambacho mikono ya bibi peke yake isingefanya. Ninapanga Mabatini, kwenye bafu lisilo na dirisha lolote, chini ya feni inayonguruma hata nikipiga mswaki tu, nami niliyedhani dunia ingekuwa imejifunza kutoboa ukuta. Buhongwa bado wanafungua stoo kila baada ya kuoga. Pale dari lilipoanguka fundi aliweka kipande kipya siku chache baada ya bibi kuondoka, lakini hakikupakwa rangi. Kimebaki kijivu, kama kisiwa. Bibi alishafariki. Nikimuuliza baba atakipaka lini, anasema anasubiri kikauke kwanza. Deo mwaka huu yuko kidato cha nne.