Kengele Isiyojua Hodi

Kengele ya mlango wangu ilikuwa na jicho, sikio na mdomo, na muda wote niliokaa nayo haikuniletea mgeni hata mmoja mwenye adabu. Iliniletea mbuzi. Iliniletea paka wa jirani, mfuko wa plastiki uliopeperushwa na upepo, na mchuuzi mmoja wa mashuka asiyejua kwamba mlango wa mtu hausogelewi mpaka pua iguse ubao. Hao wote iliwaona, ikawapiga picha, ikanitumia kwenye simu. Watu niliowataka haikuwaona.

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Garsen, na ugonjwa wangu ni vidude. Wenzangu wakipata nafasi hununua vyombo. Mimi huagiza mtandaoni soketi inayozimwa kwa simu, ikaja na basi kutoka Mombasa imefungwa utadhani ni yai. Mume wangu, ambaye hufanya kazi Hola na kurudi mwisho wa wiki, husema nyumba yetu ina akili kuliko waliomo. Husema akicheka, nami huwa sicheki.

Nilianza na taa. Zilikuwa tamu, sisemi uongo. Nikitaka mwanga wa manjano, nabonyeza simu, sebule inakuwa ya manjano. Nikitaka wa buluu, wa buluu. Kisha kampuni iliyozitengeneza, iliyoko nchi nisiyoijua, ikatangaza kwamba imeacha kuhudumia taa za aina ile. Kesho yake zikawa mabubu. Hazikuungua wala hazikupasuka. Zilikuwa pale pale darini, nzima kabisa, zikingoja amri kutoka ng'ambo, na amri haikuja. Na swichi ya ukutani nilikuwa nimeshaiziba kwa majivuno yangu mwenyewe, ikabidi nimwite fundi aje aifukue. Alifukua huku akinitazama kwa huruma, na huruma ya fundi inauma kuliko bei yake.

Baada ya taa ikaja spika ya kuongea nayo. Haijui Kiswahili. Ukiiambia kwa Kiingereza izime feni, inakujibu kwa upole wa muuguzi kwamba haijaelewa, na feni inazidi kuzunguka. Stima ikikatika, kila kidude kinasahau kiko wapi na ni cha nani. Ikirudi, inabidi nivitambulishe upya kwa waifai, kimoja kimoja, kama watoto wa chekechea siku ya kwanza. Bando likiisha, ndiyo basi tena. Sijui ni nani aliyetuambia kwamba vitu hivi vinapunguza kazi. Ningempata ningempa ufagio.

Hata hivyo, hayo yote yalikuwa mchezo. Kengele haikuwa mchezo, kwa sababu niliinunua kwa ajili ya mama.

Mama aliishi kando ya mto, upande wa Ngao, peke yake tangu baba afariki, katika nyumba iliyoingiwa na maji mara nyingi kuliko wageni. Kila masika nilimsihi ahamie kwangu, na kila masika alinijibu kwamba mto anaufahamu, mimi ndiye nisiyeufahamu. Mafuriko ya mwisho walimtoa kwa mtumbwi, maji yamemfika kiunoni, amekumbatia kuku. Niliapa kwamba jambo hilo halitarudiwa nikiwa hai. Safari hii, redio ilipoanza kutaja mvua za bara, alilegea kidogo.

"Nitakuja kwanza nikiwa mgeni," aliniambia kwenye simu. "Niione hiyo nyumba yako. Ikinikubali, nitaleta godoro."

"Njoo siku yoyote, Mama. Hata nikiwa shuleni nitakuona. Mlangoni kuna kamera."

"Kamera ndiyo itanikaribisha?"

"Itaniambia kwamba umefika."

"Haya," alisema, kwa ile haya yake isiyokubali wala kukataa.

Akaja wakati wa likizo, mimi nikiwa ndani. Narudia: nikiwa ndani. Nilikuwa chumba cha nyuma, mlango nimeufunga, feni inavuma, vipokea sauti viko masikioni, nangoja kuhudumiwa na huduma kwa wateja wa hiyo hiyo kengele. Nilitaka kulalamika kwamba inashindwa kutofautisha mtu na mbuzi. Walikuwa wananipigia muziki na kunishukuru kwa subira yangu. Katikati ya muziki simu ikatetemeka, ujumbe ukasema kuna mnyama mlangoni. Nikausogeza kando kwa kidole, kama nilivyozoea.

Jua lilipopoa nikatoka nje. Jirani yangu, anayekaanga mahamri ng'ambo ya njia, akaniita.

"Mwalimu, na yule mgeni wako?"

"Mgeni gani?"

"Mama mzee, alikuja na kuku. Amepiga hodi, amengoja, ameenda zake. Mimi nikadhani hauko, nikaona nimwite, lakini mafuta yalikuwa jikoni."

Mama hasafiri na simu yake. Huiacha nyumbani isije ikaibiwa njiani. Nilibaki na simu yangu tu mkononi, na ndani yake video fupi iliyokuja na ule ujumbe wa mnyama. Nikaifungua.

Alikuwa kuku mwekundu, kafungwa miguu, kawekwa kizingitini, anapapatika. Pembeni kabisa mwa picha kulikuwa na ncha ya leso ya kujitanda. Kengele ile hutazama mbele yake tu, na kitufe chake kinamtaka mtu asimame uso kwa uso na mlango. Mama hasimami hivyo. Hakuna mtu aliyelelewa anayesimama hivyo. Mgeni hukaa kando, ameupa mlango mgongo, kwa sababu hajui waliomo wamevaa nini au wamepakua chakula kiasi gani, na si haki yake kujua kabla ya kukaribishwa. Alitufundisha hivyo tukiwa wadogo, na alikuwa akikifanya kile alichotufundisha, kwenye mlango wa mtoto wake mwenyewe. Jicho la kengele halikumwona, lakini sikio lake lilimpata vizuri.

"Hodi," ilisema sauti ya mama. Kimya. "Hodi hapa." Kimya kirefu, kuku akipapatika. "Hodi, wenyewe."

Hodi ni tatu. Ya nne ni usumbufu. Picha ikaonyesha mkono ukiingia kutoka pembeni, mkono ninaoujua kila mshipa wake, ukamwinua kuku, ukaondoka.

Nilishikwa na hasira, na sikujua niipeleke wapi. Niliwakasirikia waliokaa mahali fulani wakabuni kengele wakidhani dunia nzima mgeni husimama mbele ya mlango kama askari wa kukamata mali. Nilimkasirikia mama pia, Mungu anisamehe. Si angegonga? Si angezunguka uani akaniita? Nilijua jibu lake, na kulijua kulinizidishia hasira.

Asubuhi nikapanda bodaboda hadi kwake. Maji yalikuwa yameshaingia kwenye mpunga wa bondeni, na migomba ya chini ilikuwa imesimama ndani ya tope. Mama akanipokea, akanitengea chai, akaniuliza habari za shule. Hakusema neno kuhusu jana. Ikabidi niseme mimi, nikajieleza kama mwanafunzi aliyechelewa: feni, muziki, mnyama. Nikamwonyesha simu. Aliishika kwa mikono miwili, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kidude chako kilinisikia," alisema.

"Kilikusikia, Mama."

"Kikanyamaza."

"Hakijui hodi ni kitu gani. Kilimwona kuku, kikaniambia kuna mnyama."

Akanirudishia simu. "Mwanangu, nilikwenda kuangalia kama nyumba inanikubali. Nimeshaangalia."

Nikamwambia mto unapanda. Akasema anauona. Nikamwambia sitaki atolewe tena kwa mtumbwi. Nilikuwa naogopa na nimechoka kujifanya nabishana naye. Akanimiminia chai nyingine. Niliinywa, nikaondoka.

Nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu. Nilichukua bisibisi, nikaing'oa kengele, yakabaki matundu kwenye mbao. Mume wangu alipokuja aliyatazama, akasema tu kwamba yatapitisha nyigu. Siku zile zile msichana wa huduma kwa wateja akanipigia, hatimaye, kuuliza kama tatizo langu limetatuliwa. Nikamwambia kengele nimeing'oa. Akasema amefurahi kunisaidia, na je, ningeipa huduma yao nyota ngapi?

Mvua ikaendelea bara, mto ukaendelea kufura. Kila jioni nilimpigia mama, na kila jioni alisema maji bado yana heshima. Mimi nikawa kama mwehu wa hodi. Nilihamishia kazi zangu jikoni, dirisha wazi, feni nimeizima, natoka jasho. Mtu akipiga hodi kwa jirani, mimi naitikia. Mama wa mahamri alinicheka mpaka akashika mbavu. "Mwalimu, huyo ni wangu!"

Kisha mchana mmoja, nikiwa nasonga ugali, nikasikia pikipiki ikisimama, na baadaye kidogo sauti.

"Hodi."

Nikautupa mwiko. "Karibu! Karibu, Mama!" Nikatoka mbio hadi mlangoni.

Alikuwa amesimama kando ya ukuta, ameupa mlango mgongo, tope limemfika magotini, kuku mwekundu kwapani. Kijana wa bodaboda alikuwa anafungua kamba za godoro. Nilifurahi mno. Lakini mama hakugeuka.

"Hodi hapa," alisema, akiitazama njia.

"Mama, karibu, niko hapa nyuma yako. Jua kali, ingia basi!"

Hakugeuka. Yule wa bodaboda alinitazama mimi, akamtazama yeye, akarudi kwenye kamba zake.

"Hodi, wenyewe." Safari hii sauti ilikuwa ndogo, sawasawa na ile ya kwenye simu.

Ndipo nikamwelewa: zile hodi tatu za siku ile zilikuwa bado zinangoja kuitikiwa. Nikajifuta unga mikononi, nikasimama kizingitini, nikaitikia polepole jinsi mgeni anavyoitikiwa.

"Karibu, Mama. Karibu ndani."

Akageuka, akanikabidhi kuku, akavua viatu vyake vyenye tope, akaingia.