Siku Niliyobeba Sanduku Kwenda Kufundisha Kinaya

Mkicheka chekeni tu, nimeshazoea, maana hata leo nikipita sokoni Mutsamudu kuna mama mmoja muuza mihogo hunipigia kelele, "Fundi, leo sanduku liko wapi?" (huku kwetu mwalimu huitwa fundi), na watu wazima wenye akili zao huangua kicheko, nami nageuka kutazama ndizi kana kwamba nataka kununua.

Mimi ni mtu wa Moroni, ila nimekulia Unguja kwa mjomba wangu, ndiyo maana Kiingereza nilikipata vizuri na mila za kwetu nikazipata nusu nusu (kumbukeni hili la nusu nusu, ndilo lililonimaliza). Nikaoa Mutsamudu, mke wangu Echati, na visiwani kwetu nyumba ni ya mwanamke, hujengewa na wazazi wake, mume huingia na sanduku lake la nguo, basi. Chini anakaa mama mkwe, juu tunakaa sisi.

Ndipo Ndzuani, kisiwa chenye Mutsamudu, ikajitenga na serikali ya Moroni. Moroni ikazuia vyombo, kupata meli ikawa bahati, na watu wa Moroni waliooa Mutsamudu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wengine hata bila kuaga. Kila honi ikilia bandarini mama mkwe ananitazama miguuni kuona kama nimevaa viatu. Echati hakuniuliza kitu, lakini nilijua jambo hilo linamkaa rohoni.

Na mimi, katikati ya hayo yote, nikaona niwafundishe wanafunzi wangu kinaya kwa mchezo wa kuigiza! Jamani, nilikuwa na moto. Nilitunga mwenyewe, kwa Kiingereza: mume wa Moroni, mke wa Mutsamudu, meli ya mwisho iko bandarini, mume achague, arudi kwa mama yake mzazi au abaki na mkewe. Darasa lilibishana mpaka mwalimu wa hesabu akaja kutugongea ukuta. Kinaya nikawaeleza hivi: watazamaji wote wanajua jambo, mhusika mwenyewe ndiye hana habari. Hakuna aliyekubali kuwa mume (kuacha mke mbele ya wazazi walioalikwa, nani atake?), nikasema basi nitacheza mimi. Mke akawa Fahardine, mwanafunzi mrefu mwenye sauti nyembamba, nikamletea shiromani ya Echati, ile nguo nyekundu wanayojitanda wanawake wa Ndzuani.

Siku yenyewe nikahitaji sanduku. Langu lilikuwa pale chumbani, nikaona likiwa tupu litaonekana jepesi, nikaacha nguo zangu zote ndani, Echati yuko sokoni, nikalibeba nikatoka. Vichochoro vyetu vyembamba, sanduku linagonga kuta huku na huku, kila mtu anageuka. "Jeje, fundi! Safari?" akanisalimu na kuniuliza jirani yetu aliyekaa kizingitini. Nami kichwa kimejaa kinaya, nikamjibu kwa mbwembwe, "Safari, dada! Nimechoka, narudi kwa mama!" Nikacheka peke yangu. Yeye hakucheka, nikadhani utani haukumfikia (na asubuhi hiyo, kwa bahati yangu mbaya, meli ya Moroni ilikuwa imeingia kweli).

Ile nusu ya mila niliyoikosa ni hii: kwetu mume akitoka na sanduku lake mchana kweupe, ameacha mke. Hahitaji kusema neno.

Ukumbi ulijaa wazazi, wengi hawajui Kiingereza lakini wamekuja kuona watoto wao. Nimefika pale ninapomuaga Fahardine, mkono uko kwenye sanduku, sauti yangu inatetemeka vizuri kabisa, mlango ukafunguka kwa kishindo, akaingia mama mkwe na dada zake wawili, mmoja kabeba mto wangu, mwingine kandambili zangu, na yeye mwenyewe kashika mswaki wangu kama mshumaa. Akapanda jukwaani moja kwa moja.

"Umesahau hivi," akasema, akaviweka juu ya sanduku kimoja kimoja.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi! Walidhani ni mchezo. Mzee mmoja akapaza sauti, "Bibi huyu anaigiza kumshinda fundi!" Hapo mama mkwe akamwona Fahardine, akaitambua shiromani ya mwanawe. "Kumbe ndiye huyu?" Akaivuta kwa nguvu zote, masharubu machanga ya Fahardine yakatokeza, na yeye maskini kwa woga akaendelea na maneno yake ya Kiingereza, ananisihi nisiende, huku machozi ya kweli yanamtoka. Watu walishika mbavu. Mimi ndiyo kwanza naelewa kwamba mtaa mzima ulijua nimeacha mke, mimi peke yangu sikuwa na habari.

Kisha kicheko kikakatika. Echati alikuwa mlangoni, anahema, vumbi la bandarini hadi magotini. Alikwenda kunitafuta melini, akawauliza wapakuzi na abiria, akazunguka sitaha yote. Hakulia.

"Usiseme Kiingereza," akaniambia mbele ya watu wote. "Na usifanye utani. Unakwenda au unabaki?"

Siku zote hizo nimefundisha maneno yanayosema hili na kumaanisha lile, sasa natakiwa neno moja lililonyooka. Nilimpenda mwanamke yule mpaka nikaogopa. "Nabaki," nikasema kwa lugha ya kwao, kwa lafudhi yangu ya Moroni, na watu wakacheka tena, lakini safari hii kwa wema.

"Basi beba."

Nikabeba, nikapita vichochoro vilevile, mama mkwe nyuma yangu na mto, darasa zima nyuma yake linaimba kama linapeleka bwana harusi, na mimi, pamoja na aibu yote ile, nilifurahi mpaka nikataka kukimbia.

Sanduku mama mkwe akalifungia chumbani kwake, akaning'iniza ufunguo shingoni. Meli ziliporudi kama zamani nikaenda Moroni kumsalimu mama yangu mtaani kwake Badjanani, nguo nimezitia kwenye mfuko wa mchele. Mama akautazama mfuko, akatazama nyuma yangu, akaketi chini akaanza kulia hadi majirani wakatoka: "Wamemfukuza mwanangu, na sanduku lake wamelizuia!"

Nikaapa palepale: kinaya nitakifundisha kwa chaki na ubao tu, na nikitoka nyumbani, hata kama ni kununua chumvi, nasimama kwanza mbele ya mama mkwe namwonyesha mikono yote miwili kuwa ni mitupu.