Kati ya Upande wa Viziwi na Upande wa Vipofu

Shule ile ina pande mbili. Ukipita lango, kushoto ni upande wa viziwi, kulia ni upande wa vipofu, na katikati kuna jiko moja linalowapikia wote. Mdogo wangu alipelekwa kushoto mama yetu akiwa bado hai. Mama alipomfuata baba kaburini, mimi nilikuwa darasa la saba, na nyuma yangu walikuwa wadogo watatu, yeye akiwa kitinda mimba. Niliacha shule nikaanza kupalilia miwa ya watu huku Navakholo. Kila muhula ulipofunguliwa nilimfikisha langoni na sanduku lake la bati na sabuni yake, kisha nikageuka kurudi shambani.

Wazazi walinichagua niwawakilishe kwenye bodi ya shule kwa sababu moja tu: nilikuwa nafika. Wapo wanaomleta mtoto kiziwi wakaonekana tena siku ya kufunga. Siku ya uchaguzi baba mmoja kutoka upande wa Malava alisimama kunipinga.

"Huyu ni mtoto. Sisi tunataka mzazi."

"Na wewe mzazi ulikuja hapa lini?" mama mmoja akamuuliza.

"Nilikuwa na shughuli."

"Shughuli gani hiyo haina Jumapili? Mzazi ni yule analetanga sabuni. Huyu msichana analetanga. Kaa chini, baba."

Watu walicheka, hata yeye mwenyewe akacheka, akaketi. Nikawa mjumbe.

Wakati huo macho ya mdogo wangu yalikuwa yameanza kwenda. Mwanzoni tulidhani ni uzembe. Jioni akiwa nyumbani likizo alikuwa anagonga mlango uliokuwa wazi, anakanyaga kuku, anamwaga maji ya kunywa. Nilimgombeza kwa mikono, naye hakuona mikono yangu, nikadhani ananidharau. Daktari wa macho alitueleza kwamba anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na kwamba bomba hilo litaendelea kuwa jembamba mpaka lizibe. Dawa haikuwepo.

Shuleni walimhurumia, na huruma hiyo ikamharibia. Mwalimu wake alipoambiwa kwamba kijana haoni vizuri alimsogeza dawati la mbele kabisa, karibu na ubao. Ndivyo ungemfanyia mtoto yeyote. Lakini kwa mtu anayechungulia bomba, ukimkaribia anaona kifungo kimoja cha shati lako, mikono yote miwili iko nje. Kule nyuma alikokuwa ameketi ndiko mikono ya mwalimu ilikokuwa inaenea ndani ya bomba lake. Alikaa mbele muhula mzima bila kuelewa kitu, na kwa kuwa alifundishwa adabu, hakuhama. Alama zake zilipoporomoka, naibu wa mwalimu mkuu upande wa viziwi aliniita.

"Dada, huyu sasa ni wa kule," akasema, akionyesha upande wa kulia. "Sisi tunafundisha kwa macho."

Nilivuka uwanja nikaenda kwa naibu wa upande wa vipofu. Yeye alinikaribisha chai, akanisikiliza hadi mwisho.

"Pole sana, mama. Breli tungemfundisha. Lakini nitamwambiaje kwamba nukta hii ni herufi fulani? Sisi tunafundisha kwa sauti."

Sikuona mtu mbaya kati yao. Kila mmoja aliniambia ukweli wa upande wake.

Mwalimu aliyeweza kumfundisha alikuwepo palepale. Alikuwa amesomea kufundisha viziwi wasioona, yaani kuweka ishara ndani ya kiganja cha mwanafunzi mpaka aishike. Kwa kuwa hapakuwa na darasa la namna hiyo, alipewa kufundisha upishi na kusimamia bweni la wasichana. Nilimkuta anahesabu mashuka. Tukakubaliana kwamba bodi ikiamua, ataondolewa kazi hizo afungue darasa dogo, aanze na mdogo wangu na msichana mmoja wa darasa la pili ambaye yeye alizaliwa hasikii wala haoni. Mwalimu mkuu akasema yeye hana kipingamizi, ila ni lazima bodi ipitishe.

Kwetu hata kamati ya matanga haiendi mbele bila mmoja kupendekeza na mwingine kuunga mkono. Kwa hiyo nilitafuta wa kuniunga mkono kabla ya siku. Nilimpata mjumbe wa watu wenye ulemavu kwenye bodi, fundi wa nguo ambaye ni kiziwi na alisomea shule hiyo hiyo. Nilimfuata kwenye cherehani yake sokoni. Nilimweleza kwa ishara zangu za nyumbani, ambazo alizicheka sana, akisema ninaongea kama mtoto anayekula. Kisha akakunja uso, akajipiga kifua: mimi.

Mkutano ulianza na tangi la maji. Wakaingia kwenye suala la ukuta, kisha siku ya kutoa zawadi, na kama mgeni wa heshima atakula kuku wa kienyeji au wa kununua. Mwenyekiti wetu alikuwa mzee wa kanisa aliyestaafu ualimu, mtu wa utaratibu, asiyependa mkutano uvuke saa ya chakula. Harufu ya kuku ilikuwa imeshafika mlangoni alipotaja jina la hoja yangu.

Nilisimama. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sentensi yangu nikipalilia, nikaisema yote bila kukwama. Nikaketi.

"Asante, binti yangu. Kuna anayeunga mkono?"

Nikamtazama fundi. Alikuwa ameinama. Katibu alikuwa ametambua kwamba kumbukumbu za mkutano uliopita hazijatiwa sahihi na kila mjumbe, akawa anazizungusha mezani ili tusichelewe, na zilikuwa zimemfikia fundi wakati uleule nilipokuwa nasema. Mkalimani alikuwa amesimama mbele yake, mikono yake ikisema kila neno langu, ikisema na swali la mwenyekiti, juu ya kichwa kilichoinama.

"Hakuna?" mwenyekiti akauliza.

Niligonga meza kwa ngumi. Viziwi huitwa hivyo, kwa mtikisiko wa ubao. Vikombe viliruka. Fundi akainua kichwa, akaona mikono, akainua mkono wake haraka hata karatasi zikaanguka.

"Ameunga," nikasema.

"Nilikuwa nimeshauliza mara mbili," mwenyekiti akasema kwa upole. "Hoja isiyoungwa mkono imeanguka. Na iliyoanguka hairudi katika mkutano huohuo. Mnajua utaratibu."

"Lakini, Bwana Mwenyekiti, ni kitambo kidogo tu," mama anayewakilisha kanisa akasema.

"Mama, tukianza kufufua hoja hapa, tutafufua na zile za mwaka jana."

Wakacheka. Fundi aliona vicheko kabla hajaambiwa sababu. Alipoambiwa, mikono yake ilitoka kwa kasi, na mkalimani akatoa sauti yake huku akiona haya: "Anasema, mlinipa karatasi nikasoma. Anasema yeye ana macho mawili, lakini yote mawili hutazama mahali pamoja. Anauliza, mwenye masikio alikuwa anatia sahihi na kusikia. Yeye angefanyaje?"

"Mwambie tunamheshimu sana," mwenyekiti akajibu. "Mwambie muhula ujao itakuwa ya kwanza."

Iliandikwa hivyo. Tukaenda kula. Fundi hakula.

Kabla ya muhula ujao, mafundi walichimba mtaro wa bomba la lile tangi, ukakata njia ya kutoka bwenini hadi jikoni. Mdogo wangu alitumbukia asubuhi akienda kunywa uji, akapasuka paji la uso. Mwalimu mkuu alinipigia simu yeye mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa kweli.

"Mchukue akae nyumbani kwanza, kwa usalama wake. Bodi ikikaa, tutajua pa kumweka."

Nilimchukua. Nilimwambia kwamba ni likizo fupi. Alikubali, kwa sababu mimi sijawahi kumdanganya.

Huko nyumbani tulianza kuongea kwa viganja. Yule mwalimu wa upishi alinifundisha mwanzo wake siku nilipokuja kumchukua, tukiwa tumekaa kwenye benchi la jikoni, na mengine tuliyabuni wenyewe. Naweka ishara ndani ya mikono yake, anaishika kama anashika yai. Nikitoka kupalilia huwa nanawa kwanza, maana anasema majani ya miwa yameifanya mikono yangu iwe na lafudhi.

Muhula ulipofunguliwa nilivaa nguo za kanisani nikaenda kwenye mkutano. Mwalimu mkuu alinipokea nje ya ukumbi, akanishika mkono, akanitoa kando.

"Dada, hili linaniuma. Mwakilishi wa wazazi lazima awe na mwanafunzi shuleni. Jina la kijana halipo tena kwenye rejista ya muhula huu."

"Halipo kwa sababu mlisema akae nyumbani."

"Ndiyo."

"Akae nyumbani mpaka bodi ikae."

"Ndiyo. Naelewa. Lakini sasa huwezi kuingia."

Tulisimama pale, wajumbe wakipita wakinisalimia. Mwenyekiti alinipa mkono, akaniuliza hali ya mgonjwa, akasema wanamwombea. Fundi alipita wa mwisho, akauliza kwa uso tu, nikamweleza. Akaingia.

Nilingoja langoni. Alipotoka aliniandikia kwenye simu yake. Aliitoa hoja yeye mwenyewe, na safari hii aliweka karatasi zote sakafuni. Mama wa kanisa akamuunga mkono. Ndipo mwenyekiti akauliza darasa hilo ni la wanafunzi gani. Mwalimu mkuu akaangalia rejista. Mdogo wangu hayumo. Yule msichana wa darasa la pili, mama yake alisikia habari ya mtaro akamhamishia kwa bibi yake. Mwenyekiti akasema bodi haiwezi kufungua darasa lisilo na mwanafunzi. Hakuna aliyepinga, kwa sababu alisema kweli.

Nikamwandikia fundi: nikimrudisha shule, watampokea?

Akaandika: wapi, kushoto au kulia?

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mdogo wangu alikuwa ameketi mlangoni akipukuchua mahindi. Alinijua kwa hatua zangu, alizisikia ardhini kwa nyayo zake, akaweka gunzi chini na kunyoosha mikono kabla sijanawa. Akauliza mkutano umesema nini, lini anarudi.

Nilichuchumaa mbele yake. Nikaweka mikono yangu ndani ya yake nikamwambia kwamba hakuna darasa, na kwamba mimi pia wamenitoa.

Akanishika vidole, akaniomba nirudie polepole. Alidhani hajasoma vizuri.

Nikarudia.