Orodha ya Mpiga Pasi

"Yule mwenyekiti wenu wa zamani alituuza," Muuza Mkaa aliniambia bombani, ndoo yake haijafika hata nusu. "Alituuza mchana kweupe. Karatasi yetu aliikalia miezi minne chini ya blanketi lake la kupigia pasi, na wewe katibu unajua."

"Alituuza kwa nani, dada?"

"Kwa mkuu wa zahanati, kwa nani tena? Kila Jumatatu yale makoti yake meupe yanatoka dirishani kwa nani? Anayekunyooshea kola atakunyooshea kidole saa ngapi?"

Wanawake wa kwenye foleni wakacheka. Mmoja akasema Muuza Mkaa amekosea kazi, angegombea udiwani. Mimi nilifunika ndoo yangu, nikamkaza mtoto mgongoni, nikaondoka bila kujibu. Na huko kutojibu ndiko kulikoipa habari ile miguu ya kutembea mtaa mzima.

Sasa naandika nilichokiona.

Mpiga Pasi anakaa chumba cha mwisho katika nyumba yetu ya vyumba sita, chenye dirisha linalotazama njia. Dirisha hilo ndilo duka lake. Nguo zinaingilia hapo zimekunjamana na zinatokea hapo zimenyooka. Meza yake ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, umetandikwa blanketi la kijivu lenye alama za kuungua zilizochongoka mbele. Ana pasi mbili za mkaa: moja ikiwa kazini, nyingine inapepewa mlangoni. Kabla hajaigusisha nguo ya mtu, anaisogeza pasi karibu na shavu lake, akae hivyo kidogo, ndipo aishushe. "Pasi ni kama mume," alikuwa akituambia. "Usipojua joto lake, litakuja kukuaibisha mbele za watu."

Mume wake mwenyewe alikufa zamani. Watoto wake wawili wa kiume wako mbali, wanapiga simu wakikumbuka. Aliyebaki naye ni binti yake wa mwisho, ambaye sote tulimwita Kitinda kwa sababu alikuwa kitinda mimba. Mama akinyoosha, Kitinda anakunja. Waligombana kutwa kama mtu na wifi yake, lakini mmoja akichelewa kurudi, mwingine hafunui sufuria.

Mimi nilihamia chumba cha pili kutoka kwao nikiwa na mimba. Mama yangu mzazi yuko mbali. Nilipojifungua, ni Mpiga Pasi aliyekuja kunionyesha jinsi ya kumshika mtoto nisimwogope. "Havunjiki," aliniambia. "Wewe ndiye utakayevunjika usipolala."

Kikundi chetu cha akina mama hakikuanza na kelele. Kilianza na mafagio. Zahanati yetu ni ndogo, na wanawake saba, yeye akiwa mbele, walikuwa wakienda kufagia, kuchota maji na kufua mashuka ya chumba cha kujifungulia. Ijumaa wanatandika masafi, Jumatatu wanayatoa kufua. Mashuka hayo Mpiga Pasi aliyapiga pasi mwenyewe, pande zote mbili. Basi Jumatatu moja alilikunjua shuka moja, akalitazama, akaliinua juu wenzake walione. Mikunjo aliyoipiga Ijumaa ilikuwa bado imesimama. La pili vivyo hivyo.

"Watoto wa mtaa huu," aliuliza, "hawazaliwi Jumamosi na Jumapili?"

Walikuwa wakizaliwa. Walikuwa wakizaliwa nje ya uzio wa zahanati, juu ya pikipiki, au njiani kwenda hospitali kubwa, ambako ni mwendo wa saa nzima. Mdogo wake Muuza Mkaa alijifungua ameegemea ukuta, mlinzi amemshikia mwavuli na kugeuza uso. Kila mtu alilijua jambo lile. Hakuna aliyekuwa amelisema kwa sauti mbele ya mtu mwenye meza.

Mpiga Pasi alilisema. Wakamjibu kwenye ofisi ya kata kwamba malalamiko ya mdomo hayana faili, alete orodha ya wakazi wanaotaka mkunga awepo na mlango uwe wazi siku hizo mbili. Ndipo nikafanywa katibu, kwa sababu nilimaliza darasa la saba na mwandiko wangu unasomeka. Wapo walionung'unika: "Mtoto wa juzi huyu, atatuandikia nini?" Mpiga Pasi akawajibu, "Kalamu haiulizi umri."

Tulipita mlango kwa mlango wiki mbili, yeye akiongea, mimi nikiandika, mwanangu mgongoni akinivuta nywele. Niliandika watu kama wanavyoitwa. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la utotoni linawekwa kabatini, anaitwa kwa mtoto wake. Mama Pacha. Mama Kibonge. Mama Mwisho. Wapo niliochota nao maji mwaka mzima ambao jina lao lingine sikuwahi kulisikia wala kuliuliza. Hakuna aliyeniambia nakosea, na mimi sikuona kosa. Yalifika majina mia mbili na kumi na manne, kila moja na dole gumba mbele yake. Tuliipeleka karatasi ile tunatembea kama watu wanaopeleka posa.

Baada ya miezi miwili tukaitwa ofisini, yeye na mimi. Karani aliifungua mbele yetu.

"Mama, hapa nina Mama Pacha wanne. Ni mtu mmoja kajiandika mara nne?"

"Hapana baba. Kila mmoja na pacha wake."

"Na huyu Mama Kibonge?"

"Mwanawe mnene."

Karani akacheka, na wa meza ya pili naye akacheka. Hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani akaipangusa. "Mama yangu, serikali haimjui Mama Kibonge. Barua yake nitaituma wapi? Nataka jina la kwenye kitambulisho na namba yake. Na mnisikilize vizuri: akikutwa humu mtu asiyekuwepo, aliyehama, aliyekufa, mtoto mdogo, orodha nzima inarudi."

Akashika kalamu nyekundu, akatia alama ya vema kwenye majina aliyoyakubali. Yalikuwa manne. Moja lilikuwa la Kitinda. Yeye nilimwandika jina lake lote kama lilivyo, kwa kuwa hakuwa bado mama wa mtu. Wakati huo mimba yake ilikuwa imefika miezi saba.

Tulitoka nje. "Mama, kosa ni langu," nilisema.

"Ni lako. Sasa tulifanyeje, tulipikie uji?" Akatembea kidogo, akasimama. "Usiwaambie. Wale waliokuita mtoto wa juzi wakilisikia hili watakutoa, na mwingine wa kuandika hatuna. Nitawaambia karatasi ina marekebisho."

Akawaambia hivyo. Walipouliza marekebisho gani, akasema ya ofisini. Mtu aliyezoea kunyoosha kila kitu, siku hiyo aliliacha neno na mkunjo wake, na wenzake waliuona.

Orodha ya pili ilikwenda kwa kutambaa. Vitambulisho vya wanawake wengi vilikuwa kwa waume zao, kwenye masanduku yenye kufuli. "Cha mke wangu mnakitakia nini?" mume wa Mama Pacha mmoja alituuliza. "Mnafungua benki?" Kinyozi wa kona akituona anapiga kelele kutoka kibandani kwake: "Ficheni kadi, wanaume wenzangu! Wenye mafagio wanakuja kutupindua!" Bibi mmoja alitafuta cha kwake siku tatu, akakikuta chini ya mguu wa meza, ameukingia usiyumbe. Kila nyumba tulirudi mara tatu, mara nne. Kitinda alitia dole gumba namba kumi na tisa. Tumbo lilimzuia kuifikia meza, ikabidi karatasi imfuate. "Andika na huyu," alisema akicheka, "ametia sahihi kwa teke."

Uchungu ulimshika Jumapili, kabla ya saa sita mchana.

Tulimkokota mpaka zahanati, mama yake mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Mlinzi alitoka mbio akiwa ameshika kichwa. "Funguo anaondoka nazo mkuu, mama. Ningekuwa nazo ningekufungulia. Wallahi ningekufungulia." Alimpigia mkuu simu, haikupokelewa. Kupitia kioo cha dirisha kitanda kilionekana, na shuka lililopigwa pasi Ijumaa, limenyooka, halina hata alama ya mkono. Mpiga Pasi alilitazama mara moja tu, akageuka.

Pikipiki isingewezekana. Tulingoja gari, kila dakika mtu anasema linakuja. Lililokuja mwishowe ni gari la mikate, dereva akashusha kreti zake barabarani zote, akatupakia. Hatukufika. Kitinda alitangulia, na mtoto akamfuata mama yake kabla hatujaliona geti la hospitali. Tuliwazika pamoja.

Mkuu wa zahanati alikuja msibani. Alivaa koti lake jeupe, kola imesimama. Akasema kazi ya Mungu haina makosa. Mpiga Pasi aliitazama ile kola kwa muda, akasema, "Asante kwa kuja." Waliomsikia akishukuru ndio walioanza kunong'ona.

Kikao kiliitwa kabla hata macho yake hayajashuka uvimbe. Wale saba wa mafagio walikuwa wameshazidi thelathini. Tulikaa kwenye ukumbi wa kikundi, ambao ni uwanja wa nyuma wa nyumba ya Mama Mwisho. Muuza Mkaa alisimama.

"Mimi sina chuki na mtu. Mdogo wangu alizalia ukutani kama paka, ndiyo maana nauliza. Karatasi ya kwanza ilikwama wapi?"

"Ilikuwa na marekebisho," Mpiga Pasi alisema.

"Marekebisho ya nini? Ya kola ya bwana mkubwa?"

Muuza Mkaa akawageukia wenzake.

"Mtu amemuuza hata mtoto wake wa kumzaa..."

"Wee! Ishia hapo," bibi mmoja alimkata.

Nilisimama. Mtoto alikuwa ananyonya, nikasimama naye hivyo hivyo. "Jamani, mimi..."

"Katibu," Mpiga Pasi alisema, bila kunitazama, "kaa uandike."

Nikakaa. Nikaandika kwa mwandiko ule ule unaosomeka kwamba mwenyekiti ameondolewa kwa kura ishirini na moja, na kwamba nafasi yake ameishika Muuza Mkaa. Aliyeondolewa ndiye aliyefunga kikao, kwa kuwa mwenyekiti mpya alikuwa bado hajui maneno ya kufungia.

Ndiyo maana asubuhi ile bombani sikujibu. Lakini maneno yalinifuata na ndoo. Niliitua ndoo mlangoni kwangu, nikaenda moja kwa moja dirishani kwake. Alikuwa akipiga pasi makoti meupe.

"Bado unampigia huyu, mama?"

"Koti halikufunga mlango," alisema. "Ingia ndani, unanizibia mwanga."

Niliingia. Upande wa Kitinda wa meza ulikuwa na rundo la nguo zilizonyooshwa ambazo hakuna aliyezikunja. Alinyanyua pembe ya blanketi, akatoa orodha ya pili. Huko ndiko alikokuwa akiihifadhi isipate mikunjo: karatasi tisa, majina kamili, namba kamili.

"Mpelekee mwenyekiti wako. Anaifikisha ofisini kesho. Atafaa yule. Ana mdomo, na kule ndio unaotakiwa."

"Simpelekei kitu," nilisema. "Narudi bombani sasa hivi kuwaambia ukweli. Kwamba niliandika vibaya mimi."

"Halafu?"

"Halafu wajue hukumuuza mtu."

"Halafu?" Aliiweka pasi juu ya kigae chake. "Nikumalizie mimi? Halafu watasema na hii imeandikwa na yule yule. Watataka ianzwe mara ya tatu. Mke wa kinyozi ana miezi minane. Binti wa Mama Mwisho ana saba. Nawaona wakipita hapa dirishani, nimewahesabu."

"Na wewe je, mama? Wanakusema mpaka watoto."

"Mimi wameshanichinja, mwanangu. Mtu hachinjwi mara mbili."

Nililia. Hakunibembeleza, alinitwalia mtoto tu akampakata, akamnusa utosini, akamrudisha upesi kama mtu aliyeshika chombo cha moto. Kisha akafunua ukurasa wa kwanza wa orodha ile. Juu yake palikuwa na kalamu, na karibu na namba kumi na tisa kulikuwa na nukta za wino, tatu au nne, mahali ambapo ncha ilitua ikaondoka.

"Karani alisema asiwemo aliyekufa," alisema. "Alfajiri niliishika kalamu hii mpaka pasi zote mbili zikapoa, nikaziwasha upya. Siwezi. Mfute wewe. Ila piga mstari mmoja tu, mwembamba, jina lake lisomeke."