Mchezaji wa Hoki Hurudi Daima

Barafu pekee niliyowahi kuiona ni ile ya kwenye mifuko ya nailoni inayouzwa sokoni. Hata hivyo, goti la mume wangu lilipoharibika, mimi nilikuwa najua mambo ya hoki, ile inayochezwa juu ya barafu, kuliko mwanamke yeyote wa Kilangali, na pengine wa wilaya nzima ya Kilosa. Sijisifu. Ujuzi huo ndio ulioniponza.

Vitabu vilitoka Mikumi. Rafiki yangu wa shule anafanya usafi kwenye hoteli ya watalii, na wageni wakiondoka huacha riwaya vitandani. Alikuwa ananiwekea zile nene za mapenzi, zenye picha ya mwanaume kifua wazi ameshika fimbo iliyopinda. Nilizivalisha karatasi za kaki kama madaftari ya shule, maana majirani zangu hawana dogo. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne kikisaidiwa na kamusi. Mwanzoni sura moja iliniunguzia maharage mara mbili.

Mimi ni kibarua kwenye shamba la mbegu. Mpunga ukishachanua tunaingia wanawake kumi na kitu, kila mmoja na mstari wake, tunatembea polepole tukitafuta mche uliozidi wenzake urefu au wenye suke la rangi nyingine. Huo si wa mbegu yetu, unang'olewa na mizizi yake. Macho yana kazi, midomo haina. Basi nikawa nasimulia.

"Hivyo viatu vina visu chini?" aliuliza dada wa mstari wa pili.

"Vina visu."

"Na huyo kaka hana meno ya mbele?"

"Mawili tu. Yalitoka mchezoni."

"Sasa pengo nalo mnalipendea nini, jamani?"

Walicheka mpaka msimamizi akatupigia kelele. Kesho yake dada huyohuyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniuliza tulipoishia.

Nimefikiria sana tulichokuwa tunakipenda. Mwanaume wa vitabu hivi anapigana mbele ya watu elfu, halafu anarudi nyumbani anamchemshia mpenzi wake supu. Akikosea anaomba radhi kwa mdomo wake, kwa maneno yanayoeleweka. Kwetu mwanaume akikosea haombi radhi, ananunua nyama, nawe ukiiona nyama unajua yameisha. Halafu mchezo una filimbi. Unajua umeanza lini, unakwisha lini na nani kashinda. Niambieni ni ndoa gani yenye filimbi.

Na kuna kipande kimoja kilichokuwa kinatusimamisha katikati ya mpunga. Karibu na mwisho, mchezaji huumia. Hugeukia ukuta, humfukuza mpenzi wake: nenda zako, usiniangalie hivi. Mwanamke huondoka akilia. Kurasa chache mbele, mlango wa mwanamke unagongwa, na anayegonga ni mchezaji mwenyewe, na mguu wake mbovu. Wakati huo nilikuwa nimesoma riwaya sita za namna hiyo na sikuwa nimeona hata moja ambayo mlango haukugongwa.

Mume wangu alikuwa beki wa timu ya kata. Aliruka kupiga kichwa kwenye mechi ya Kilosa mjini, akatua vibaya. Hospitali walipomtoa plasta walimwambia akunje goti kila siku, hata likiuma namna gani. Hakukunja. Aligeukia ukuta. Nilipika, hakula. Nilimkanda kwa maji ya moto, hakusema hata asante. Nilibembeleza, nikalia, nikatukana, na siku moja nilimshika mabega nikamtikisa mpaka jirani akaja kunitoa. Hatukuwa na mtoto wa kumtuma akamchekeshe. Nilikuwa nimeishiwa kabisa, na nilimwona akikauka mbele ya macho yangu.

Kwa watu wa mume wangu, mgonjwa akikaa sana kitandani wajomba zake huja kumchukua, akauguzwe kwa mama yake, Msowero. Hawamuulizi mgonjwa. Wanamwachia mke uamuzi, naye haulizwi wala hajibu kwa maneno. Akifunga nguo za mumewe na kuziweka mlangoni, amemtoa, waondoke naye. Asipozifunga, wageni wanakunywa chai na kurudi walikotoka, na hakuna wa kumlaumu. Lakini zikishawekwa mlangoni, mke hana ruhusa ya kumfuata mumewe mpaka aitwe. Shangazi yake alinieleza yote hayo wiki ya harusi, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Mjomba alikuja asubuhi na gari la kukodi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Tumekuja kumtazama mtoto wetu."

Nilimpa kiti, nikaingia chumbani kumwambia mume wangu. Hakugeuka.

"Wape nguo," alisema. "Na wewe nenda zako. Usiniangalie hivyo."

Mungu anisamehe, moyo wangu uliruka kwa furaha. Maneno hayo nilikuwa nimeyatafsiri mara sita kwa kamusi, na nilijua yanafuatwa na nini. Nilifungua sanduku. Nikatoa suruali mbili, sweta na shati la kanisani, nikazikunja vizuri na kuzifunga kwenye khanga. Nilipouweka mzigo mlangoni, mjomba aliutazama, akanitazama na mimi, kisha akafanya jambo ambalo desturi haimruhusu.

"Mama, una hakika?"

Nikasema ndiyo.

Huu ni mwezi wa saba tangu wamchukue. Nimengoja mlango ugongwe, nimengoja kuitwa. Kwa ukaidi tu nimemaliza riwaya nyingine mbili, na zote zimeisha vizuri, nikazichukia. Kwenye mistari ya mpunga sisimulii tena na wenzangu wana adabu, hawaniulizi. Wiki iliyopita nilishindwa. Nilimpigia mjomba simu, nikamwomba anisikilizishe tu sauti ya mume wangu, na mzee wa watu akampelekea simu.

Sauti ilikuwa nzuri, ya mtu anayekula. Aliniambia anatembea kwa fimbo mpaka shambani kwa mama yake.

"Mbona hukurudi?" nilimuuliza. "Ulinifukuza, na mimi nikangoja urudi."

"Nilikuwa nimekupa mgongo," alisema, "lakini masikio yalikuwa kwako. Nilikusikia unafungua sanduku. Nikasema moyoni, atalifunga huyu bila kutoa nguo. Nikangoja ulifunge."