Bega la Kulia

Mwalimu wetu wa kunyanyua vyuma aliwahi kuwa bingwa wa mkoa, na yeye mwenyewe hakuweza kuinama akafunga viatu. Mgongo ulikwisha kumkataa. Ningelitazama hilo vizuri siku ya kwanza, nisingerudi siku ya pili. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa, hapa kwenye mji wetu wa Palma hakukuwa na mwanamke mwingine aliyenyanyua kilo sabini, na nilipenda watu wanyamaze ninapoingia uani tulikofanyia mazoezi.

Bega la kulia lilianza kuniuma wiki chache kabla ya mashindano ya Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Nikibeba ndoo ya maji, mkono unakufa ganzi. Nikamweleza mwalimu. Akanibonyeza kwa kidole gumba pale pale panapouma, akinitazama usoni aone kama nitalia, kisha akawaambia wenzangu kwamba sisi watoto wa pwani tumelelewa kwa samaki na uvivu. Wakacheka. Msichana mmoja tu, Mmakonde wa bara, hakucheka. Baadaye alinionyesha goti lake lililovimba, alilolificha siku zote chini ya kitenge. Nikamwomba twende pamoja tukakatae kunyanyua. Akasema akikataa ataachwa. Nilimdharau. Kisha na mimi nikanyamaza.

Pemba, kwenye jaribio la tatu, nilikifikisha chuma juu ya kichwa. Nikasikia kitu kikichomoka begani. Chuma kikaangukia nyuma yangu, nami nikapiga magoti, mkono ukining'inia kama si wangu. Mwalimu akaja. Nilidhani anakuja kuniinua. Alinifungua mkanda kiunoni, akampelekea yule msichana, maana zamu yake ilikuwa imefika.

Juma moja baadaye mwalimu alikuja nyumbani. Mama alimtandikia mkeka mpya, akamletea chai na vitumbua. Mwalimu akamweleza kwamba nilinyanyua vibaya kwa sababu sisikii mafunzo.

"Mama," nikasema, "huyu alijua. Nilimwambia bega linauma, akanibonyeza hapohapo ili watu wacheke."

Mama aliinama, akakiondoa kikombe mbele ya mgeni kikiwa bado kimejaa. Mwalimu akaondoka bila kuaga.

Ni miaka minne sasa. Siwezi kuanika nguo kwenye kamba ya juu. Nikikutana na mwalimu sokoni hunisalimu, na kwetu salamu haikataliwi. Mimi naikataa, mbele za watu, na wanavyonisema najua.